Mafuta yapi yanafaa kwa vali za tarumbeta?

Na Mwandishi Wetu

ALASIRI ya Jumamosi katika jiji la Dar es Salaam haipiti bila sauti ya matarumbeta. Gari dogo la mizigo hutangulia likiwa limebeba vijana waliovaa sare, ngoma mbili na ala za shaba zinazometameta juani, na nyuma yake hufuata msafara wa bibi harusi ukielekea ukumbini.

Watu husimama kando ya barabara, wengine hucheza. Ni wachache wanaobaini kwamba mpigaji mmoja ameacha kupuliza, ameinamisha tarumbeta lake na anakivuta juu kwa kucha kitufe kilichogoma kurudi.

Vali imekwama. Kwa mpigaji wa kukodiwa hilo si jambo dogo, kwani anayemlipa hatajali kama kosa ni la kidole au la chuma. Atakachokumbuka ni kwamba wimbo ulikatika mbele ya wakwe.

Dawa za tatizo hilo zinazotajwa mitaani ni nyingi: mate, mafuta ya taa, mafuta ya cherehani, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, hata oili ya gari. Mwandishi wa makala haya, ambaye enzi za shule alikuwa akipiga tarumbeta la pili katika bendi ya gwaride, amewahi kujaribu tatu kati ya hizo na anakiri kwamba hakuna hata moja iliyomaliza wiki bila kumwaibisha.

Hata hivyo, yapo mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo, nayo si ya aina moja. Yanayofaa kwa tarumbeta jipya yanaweza yasifae kwa tarumbeta lililorithiwa kutoka kwa wapigaji watatu waliotangulia.

Kwa nini vali ihitaji mafuta

Tarumbeta la zamani za kale halikuwa na vitufe. Lilikuwa bomba tupu, na mpigaji aliweza kupata sauti chache tu kwa kukaza au kulegeza midomo. Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ujerumani, pale Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipobuni vali. Mwaka 1818 wawili hao walipewa hataza kwa pamoja mjini Berlin.

Umbo la pistoni linaloonekana katika matarumbeta mengi ya leo lilikuja baadaye kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1830, kwa kazi ya François Périnet wa Paris.

Kazi ya vali ni kurefusha njia ya pumzi. Ukibonyeza vali ya pili, pumzi hupitishwa katika bomba dogo la ziada na sauti hushuka nusu toni. Ya kwanza huishusha toni moja, na ya tatu toni moja na nusu. Kwa kuzichanganya hizo tatu, mpigaji hupata noti zote anazozihitaji. Pistoni ikiishia katikati ya safari yake, matundu hayalingani na mabomba, na kinachotoka si noti ya juu wala ya chini.

Ufundi mkubwa umo katika nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda inayoibeba. Nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Ingekuwa kubwa, pumzi ingevuja. Ingekosekana kabisa, pistoni isingesogea.

Ndani ya nafasi hiyo ndimo mafuta yanamokaa, nayo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza hulainisha, chuma kisisuguane na chuma. Pili huziba, kwa sababu utando wa mafuta ndio unaojaza mwanya na kuizuia pumzi isitoroke pembeni. Tatu huikinga shaba dhidi ya unyevu.

Kazi ya pili ndiyo inayosahauliwa na wengi. Tukizungumzia mafuta tunafikiria utelezi tu, na kwa hiyo chochote kinachoteleza tunakiona kinafaa. Lakini mafuta mepesi mno katika vali iliyochakaa yataifanya iende kasi huku sauti ikiwa dhaifu, na mpigaji atajilaumu kuwa pumzi zake zimepungua.

Kazi ya tatu nayo si ya kubezwa, hasa kwa wakazi wa mwambao. Pumzi ya mpigaji ina mvuke unaogeuka maji mara tu ukigusa bomba. Maji hayo huchanganyika na mate, na kama mpigaji alikunywa soda kabla ya kupanda gari, sukari nayo huingia. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa huongeza unyevu na chumvi yake. Shaba ya ala hizi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ikiachwa katika hali hiyo huota kutu ya kijani, kisha huanza kulika kutokea ndani.

Mafuta ya nyumbani na kasoro zake

Tuanze na mafuta ya taa, kwa sababu ndiyo yenye watetezi wengi. Hapa pana ukweli ambao hauna haja ya kufichwa: mafuta ya taa na mafuta mengi ya vali ya bei nafuu ni ndugu wa tumbo moja. Yote hutokana na petroli ghafi, na yote ni mepesi. Ndiyo maana ukitia mafuta ya taa, vali huenda kama mpya kwa dakika kadhaa.

Tofauti iko katika usafi na uzito. Mafuta ya vali yamesafishwa zaidi ili kuondoa harufu na vitu vinavyoudhi ngozi na pumzi, tena yamechaguliwa yasikauke upesi. Mafuta ya taa ya kuwashia jiko hayakutayarishwa kwa ajili ya kitu kinachowekwa mdomoni. Utando wake ni mwembamba, hukauka haraka juani, na vali hubaki kavu kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa yamekwisha kuosha hata yale mafuta kidogo yaliyokuwamo.

Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, ingawa hayana sumu. Aliyewahi kusugua sufuria yenye mafuta ya alizeti yaliyoganda pembeni anaufahamu ule utando wa manjano unaonata kama gundi. Mafuta ya mbegu yakikaa hewani kwa muda hushikana na kuwa kitu kigumu. Ndani ya vali jambo hilo hilo hutokea, na siku moja pistoni haitoki tena mpaka kwa fundi.

Ya nazi yana kituko chake. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo bendi ya Dar es Salaam inaweza kuyatumia kwa miezi kadhaa bila kuona kasoro, kisha ikaalikwa kupiga Lushoto au Njombe mwezi Julai na kukuta asubuhi vali zote tatu zimeshikwa na mafuta meupe.

Oili ya gari ni nzito mno kwa mwanya mwembamba kiasi hicho. Iliyokwisha kutumika ni hatari zaidi, kwani imebeba chembechembe za chuma kutoka katika injini, na chembe hizo huchimba mistari kwenye pistoni. Mistari hiyo haifutiki. Dawa za kunyunyizia zinazolegeza nati zenye kutu nazo hazifai. Husafisha kwa muda, kisha huacha masalia yanayonata.

Yanabaki mafuta ya cherehani. Haya, kwa maoni ya mwandishi, yana unafuu kidogo. Ni mafuta safi ya madini, hayagandi wala hayageuki gundi upesi. Tatizo lake ni uzito: ni mazito kuliko mafuta ya vali, hivyo pistoni hurudi kwa uvivu na noti za haraka hukosa nafasi. Katika tarumbeta lililolegea sana, siku ambayo hakuna kingine, yanaweza kuvusha sherehe. Katika tarumbeta jipya yatamchosha mpigaji vidole.

Kuhusu mate, itoshe kusema kwamba hayo tayari yamo humo ndani na ni sehemu ya tatizo.

Ya madini au ya kiwandani

Mafuta halisi ya vali yamegawanyika katika makundi mawili. Lipo kundi la mafuta ya madini, yaani yaliyosafishwa kutoka katika petroli, na lipo kundi la mafuta ya sintetiki, ambayo hutengenezwa kiwandani ili yawe na sifa zilizokusudiwa.

Ya madini kwa kawaida ni mepesi na yenye kasi, na bei yake mara nyingi ni ya chini. Udhaifu wake ni kukauka. Anayeyatumia hulazimika kutia kila siku anapopiga, na kwenye joto kali hata zaidi ya mara moja kwa siku.

Ya sintetiki hukaa muda mrefu zaidi, hayana harufu kali, na huikinga shaba vizuri zaidi pale ala inapokaa wiki nzima bila kuguswa. Kwa bendi za makanisa, ambazo ala zake hutolewa kabatini Alhamisi kwa mazoezi na Jumapili kwa ibada, sifa hiyo ina thamani kubwa. Vikundi vya shaba katika sharika za Kilutheri na za Moravian ni urithi wa wamisionari wa Kijerumani, na baadhi ya ala katika makabati hayo zina umri kuliko wanaozipiga.

Jambo moja la kuzingatia ni kutochanganya makundi hayo mawili. Mafundi wengi huonya kwamba mchanganyiko wa mafuta ya madini na ya sintetiki unaweza kuwa mzito na wa kunata. Anayetaka kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine hana budi kuosha vali na silinda zake kwanza, kisha aanze upya.

Umri wa vali ndio unaoamua

Baada ya kuchagua kundi, swali linalofuata ni uzito, na hapa jibu limo ndani ya ala yenyewe.

Tarumbeta jipya la kiwango kizuri lina mwanya mwembamba sana, kwa hiyo huhitaji mafuta mepesi. Lililotumika kwa miaka kadhaa na kutunzwa huridhika na ya kati. Lililochakaa, ambalo pistoni zake zimesuguliwa na mikono mingi, linahitaji mafuta mazito ili kuziba pengo lililoongezeka.

Watengenezaji wakubwa wamezigawa bidhaa zao kwa kufuata mantiki hiyo hiyo. Mafuta ya sintetiki ya Yamaha huuzwa katika chupa zenye maandishi "Light", "Regular" na "Vintage", kuanzia mepesi ya ala mpya hadi mazito ya ala za zamani. Kampuni ya Hetman ya Marekani hutumia namba: ya 1 ni ya vali zilizobana, ya 2 ni ya kati, na ya 3 ni ya zilizolegea. Mnunuzi anayekuta chupa za aina nyingine dukani afuate kanuni hiyo badala ya kuangalia rangi au harufu. Rangi huongezwa tu na haina maana yoyote katika utendaji.

Umri wa tarumbeta usipimwe kwa kung'aa kwake. Ala za bei nafuu, nyingi zikiwa zimetengenezwa China na India, ambako mji wa Meerut unajulikana kwa kazi hiyo, huweza kutoka dukani zikiwa mpya kabisa huku vali zake zikiwa na nafasi kubwa. Nyingine hutoka zikiwa na masalia ya unga wa kusugulia uliotumiwa kiwandani. Tarumbeta jipya lioshwe kabla ya kutiwa tone la kwanza la mafuta, vinginevyo unga huo utaendelea kusugua.

Kuna jaribio rahisi ambalo mtu anaweza kulifanya nyumbani ili kujua hali ya vali zake. Paka grisi bomba la kurekebishia sauti la vali ya tatu, lisukume ndani, kisha livute nje taratibu bila kubonyeza vali. Ngoja kidogo halafu bonyeza. Ukisikia mlio mfupi kama wa kizibo kinachochomoka, vali inaziba vizuri na mafuta mepesi yatatosha. Usiposikia kitu, au bomba likitoka bila ukinzani wowote, pumzi inavuja, na mafuta mazito zaidi yatasaidia.

Hali ya hewa nayo ina sauti katika uamuzi huu. Mafuta yoyote huwa mepesi zaidi yanapopata joto. Mpigaji wa Dar es Salaam anayesimama juu ya gari wazi saa tisa alasiri mwezi Januari, shaba ikiwa imepata moto kiasi cha kuunguza kiganja, anaweza kuona mafuta mepesi yamekuwa kama maji. Mwenzake wa Makete, katika baridi ya Juni, ataona mafuta mazito yanamchelewesha. Si ajabu basi kwamba ushauri ulioandikwa kwa ajili ya wapigaji wa Ulaya hauwafai wetu neno kwa neno.

Si kila ala ya shaba ni tarumbeta

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu pistoni, ambazo hupatikana katika tarumbeta, koneti, yufoniamu na matuba mengi.

Honi ya Kifaransa na baadhi ya matuba hutumia vali za kuzunguka. Hizi zina mahitaji mawili tofauti katika vali moja. Sehemu inayozunguka ndani huhitaji mafuta mepesi, ambayo huingizwa kwa kupitia mabomba ya kurekebishia sauti. Ekseli yake, iliyo chini ya kifuniko kidogo, pamoja na viungo vya mkono wa vali, huhitaji mafuta mazito zaidi. Wapigaji wengi hutia mafuta sehemu moja na kusahau nyingine, halafu hushangaa vali inapopiga kelele kama bawaba ya mlango.

Tromboni haina vali za kawaida bali mrija mrefu unaovutwa. Mafuta ya vali pekee ni mepesi mno kwa mrija huo. Wapigaji wake hutumia krimu maalumu na kuinyunyizia maji.

Mabomba ya kurekebishia sauti, katika ala zote, hayahitaji mafuta bali grisi, kwani yanatakiwa kubaki pale yalipowekwa. Vaselini, isiyofaa kabisa ndani ya vali, hapa inaweza kutumika pale grisi halisi inapokosekana. Ipakwe kidogo tu, kwa sababu ikizidi husukumwa ndani na kuishia kwenye pistoni.

Namna ya kutia

Mafuta mazuri yanayotiwa juu ya uchafu hugeuka kuwa tope. Kwa hiyo kazi huanza kwa kusafisha.

Fungua kifuniko cha juu cha vali na uitoe polepole kwa kuivuta wima. Fanya vali moja baada ya nyingine, usizitoe zote kwa pamoja kama huzijui, kwani zina namba 1, 2 na 3 na kila moja ina silinda yake. Ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mdomo wa mpigaji.

Ifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kama ni chafu sana, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukiepuka kulowesha vipande vya kitambaa kizito vilivyo juu yake. Maji ya moto yasitumike kuosha tarumbeta, kwani huweza kubandua vanishi. Steelwire ya jikoni isikaribishwe kabisa. Pitisha kitambaa ndani ya silinda pia, maana uchafu haukai upande mmoja.

Tia matone matatu hadi matano kwenye sehemu pana ya pistoni, yazungushe kwa kidole yaenee, kisha irudishe. Ndani ya silinda kuna mfereji mdogo unaopokea ulimi wa vali. Izungushe taratibu mpaka usikie imekaa. Puliza. Pumzi ikigoma kupita, vali imekaa vibaya au zimebadilishana nafasi, na hapo hakuna kilichoharibika, zitoe urudie.

Wapo wanaodondosha mafuta kwa kupitia tundu la kifuniko cha chini bila kufungua chochote. Ni njia ya haraka, lakini sehemu hiyo ya chini ndiyo inayokusanya taka zote, na mafuta yanayopita hapo huzipandisha juu.

Anayepiga kila siku atie kila siku. Asiyepiga kwa wiki mbili na atie kabla ya kufunga sanduku, si siku atakapolifungua.

Pale ambapo mafuta si tatizo

Ipo dhana kwamba kila vali inayokwama inalilia mafuta. Mara nyingine kinachokwamisha ni pigo.

Bomba dogo la vali ya pili limejitokeza pembeni ya tarumbeta, na ndilo la kwanza kugonga ukuta, kiti au ubavu wa gari. Likigongwa, husukuma silinda ya vali na kuipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kuanzia siku hiyo vali ya pili hukwama, hata ikimwagiwa chupa nzima. Dalili yake ni kwamba pistoni iliyosafishwa na kutiwa mafuta hukwama daima mahali palepale.

Springi iliyochoka au kupinda nayo huifanya pistoni irudi kwa uzito, na hilo hutibiwa kwa springi mpya. Vifuniko vya chini vilivyokazwa kwa nguvu kupita kiasi huweza pia kuibana silinda.

Pigo la silinda ni kazi ya fundi wa ala za muziki, si ya kijana mwenye msasa. Msasa huondoa chuma, na chuma kilichoondoka kwenye pistoni hakirudi ila kwa kuichovya upya nikeli na kuisawazisha kwa mashine maalumu, kazi ambayo gharama yake inaweza kufikia bei ya tarumbeta lingine.

Tahadhari kwa wenye watoto

Chupa ya mafuta ya vali ni ndogo, na nyingine zina rangi ya kuvutia. Kwa mtoto inafanana na dawa ya kikohozi au na juisi.

Hatari ya mafuta mepesi ya petroli, yawe ya vali au ya taa, haiko tumboni peke yake. Kwa kuwa ni mepesi, huteleza kwa urahisi na kuingia katika njia ya hewa mtoto anapoyameza au anapotapika, nayo yakifika mapafuni husababisha homa kali ya mapafu inayoweza kuua. Ndiyo sababu baadhi ya chupa hizo zina onyo la hatari.

Mtoto aliyekunywa asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe kitu kwa imani ya kwamba kitazimua sumu. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ibebwe ili daktari aone kilichomo. Afadhali zaidi ni kuyafungia mafuta ndani ya sanduku la tarumbeta na kutoyahamishia kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Kosa hilo la kuhamisha linajulikana sana majumbani kwa upande wa mafuta ya taa.

Wapigaji wenyewe wafute mikono baada ya kutia, na waache desturi ya kuvuta pumzi ndani kwa kupitia tarumbeta. Pumzi ivutwe pembeni ya mdomo.

Chupa moja na bendi nzima

Bendi za matarumbeta mitaani zina historia ndefu kuliko harusi za kisasa. Katika miji ya mwambao, kuanzia miaka ya 1890, ngoma ya beni iliiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa sare, gwaride na ala za shaba, na vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa fahari. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo mwaka 1975.

Tangu siku hizo bendi za namna hii zimekuwa na ala za kuazimana na fedha kidogo, na mkuu wa bendi akiombwa anunue mafuta maalumu huona ni anasa. Hesabu yake ni hii. Chupa ya kawaida ina mililita 60 hivi. Tukikadiria matone 20 kwa kila mililita, hayo ni matone 1,200. Tarumbeta lenye vali tatu, likitiwa matone manne kwa kila vali, hutumia matone 12 kwa siku. Chupa hiyo humtosheleza mpigaji mmoja siku 100 za kupiga. Kikundi chenye matarumbeta manne, kinachopiga siku mbili kwa wiki, kitaitumia kwa takriban wiki 12.

Anayenunua kwa ajili ya kikundi chenye ala za umri tofauti, na hana uwezo wa kununua chupa mbili, achukue ya uzito wa kati. Ala mpya zitakuwa na uvivu kidogo siku za kwanza, na zile kuukuu zitavuja kidogo, lakini hakuna itakayodhurika. Akipata fedha ya chupa ya pili, iwe ya mafuta mazito, na iwekwe alama kwa kalamu kwamba ni ya ala zipi, kwa sababu katika haraka ya kupanda gari kila mtu hunyakua chupa iliyo karibu.